Kiti cha Mhoja

Bariadi,
Jumatatu, mvua imekatika

Kaka Mhoja,

Mwangaluka. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Elina na watoto. Huku tunaendelea, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza mbele. Usirukie huko kwanza, nakujua. Nampa Jenifer wa jirani akuletee, maana kwenye simu kila nikifungua mdomo unanielekeza.

Kompyuta ya kazi yangu ya picha nimenunua, na siyo uliyonichagulia. Ile laptop nyembamba ni nzuri, ila skrini yake inang'aa mno, kila mtu anaonekana ametoka saluni. Fundi Danford alinipa ya mezani, iliyotumika, yenye skrini ambayo rangi zake hazipishani sana na za picha ikishachapwa. Amenifungia na betri ya pembeni, umeme ukikatika nawahi kuhifadhi kazi. Inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini tumezoeana.

Kwenye programu ya kusafishia picha ndipo tulipovutana na Danford. Moja inalainisha sura yenyewe, unabonyeza tu, na maharusi wanaipenda. Nyingine inakuachia kila kitu mkononi, taratibu mpaka mgongo unauma. Mimi nilitaka ya haraka, wateja wa mjini hapa hawasubiri.

Baba alikuwa amekuja kutoka Mwandoya, kakaa hapo dukani kwa Danford. Danford akamwomba picha ya kujaribia, naye akatoa simu yenye picha ya yule maksai wake wa madoadoa. Programu ya haraka ikamlainisha ng'ombe, madoa yakafifia. Baba akauliza huyo ni ng'ombe wa nani. Sisi tukacheka, yeye hakucheka. Akasema hivyo hivyo ndivyo walivyomfanya Mama.

Naye alisema kweli. Unaikumbuka picha iliyotangulia mbele ya jeneza, studio ilivyomfuta kovu la shavuni na kumpa ngozi ya msichana. Shangazi Milembe aliuliza mbele ya waombolezaji, leo tunamzika nani. Basi nikachukua ile ya taratibu.

Sasa jambo lenyewe. Baba anaumwa, Kaka. Daktari amesema moyo umechoka, na Baba alinikataza kukuambia, ati utaacha kazi upande basi. Kumbe hakuja kunisindikiza dukani. Alikuja kuhakikisha kwamba siku yake ikifika, watu wasimlilie mtu mwingine. Nililia, sikufichi. Jana nilimpiga picha, sikugusa hata kunyanzi moja, akaitazama sana na kusema huyo ndiye yeye mwenyewe, Bujiku.

Anataka na nyingine, ya familia nzima, kabla hatujaanza kuvuna pamba. Nikamwambia wewe ukikosa nafasi nitakuingiza, kwa programu hii ni kazi ndogo, na picha yako ya harusi ninayo. Amekataa. Anasema asiyekuwepo asibandikwe. Kiti chako kitawekwa kando yake, na usipokuja kitapigwa picha hivyo hivyo.

Nisalimie wifi na watoto, na wewe usile chumvi nyingi, moyo ni wa ukoo. Kiti nimeshakipangusa vumbi.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanjige