Maelezo ya Hilaria Akech kuhusu Mawe Meupe ya Kilimani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hilaria Akech Okumu
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha pili
Makazi: Kata ya Kemambo, Wilaya ya Tarime
Tarehe: 15 Juni 2021, saa nne asubuhi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Giza likiwa bado halijaondoka vizuri, mimi sioni. Wenzangu wanaona njia, mimi naona weusi tu. Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo hamtaelewa habari ya mawe.

Naandika kwa mkono wangu kwa kuwa Koplo Teresia ameniuliza mpaka amechoka na sauti yangu imegoma. Nilianza shule Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi, kwa Kiingereza, nikaja kuendelea huku kwa Kiswahili, na kote sauti yangu inagoma vilevile. Mkono haugomi. Ukurasa nimeufunika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu baba yangu mdogo, Odongo, amekaa kwenye benchi nje ya mlango anaongea na simu. Yeye ndiye mlalamikaji, na yeye ndiye aliyenileta hapa kama mlezi wangu.

Mimi ni mwanachama wa klabu yetu ya kukimbia. Kochi wetu ni Konstantino, Mmbulu, mchimbaji. Alikuja huku kutafuta dhahabu kama wengine, akatukuta tunakimbizana na ndama, akasema miguu hii isipotee bure. Sasa yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu. Anatuhumiwa kuwatuma watoto waibe mawe ya dhahabu.

Tunaanza mazoezi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tunapanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, na kochi anabaki chini na wadogo. Ili tusimdanganye aliweka sheria: kila mtu aokote jiwe pale kona ya barabara, apande nalo, aliweke juu kwenye lundo. Siku akipanda kuliangalia, lundo likiwa limenenepa tumefanya kazi. Likiwa vilevile tulikuwa tunapiga soga njiani.

Mnamo mwezi Mei niliinama pale kona, nikapapasa, nikaokota kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikapanda nacho. Ouma, mwenzangu wa klabu, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwacheni, anapeleka mbolea, juu kule atapanda mahindi." Siku iliyofuata nikaona barabarani kuna mawe meupe, meupe kiasi kwamba hata mimi nayaona. Nikawaambia wenzangu tuchukue meupe tu, yanapendeza. Mimi nasema kwa nadra, kwa hiyo walinisikiliza. Ouma alisema nachagua mawe kama mama anayechagua nyanya sokoni Sirari. Ikawa desturi.

Wenzangu Ouma na Boke wamewaeleza kwamba aliyechagua meupe ni mimi. Ni kweli. Mnauliza nani alinituma. Ni macho yangu. Hata nikikimbia nafuata soksi nyeupe za Boke aliye mbele yangu, na siku akivaa nyeusi nasema tumbo linaniuma.

Jumapili tarehe 13 Juni, baada ya ibada, kochi alipanda nasi kuliangalia lundo. Akachukua jiwe, akalilamba, akaligeuza juani. Tulidhani atatusifu. Badala yake akasema, "Hili lina mali ndani. Na kilichoanguka barabarani kina mwenyewe." Tukamwonyesha kona tulikoyaokota. Gari linalobeba mawe ya wachimbaji kupitia kona ile ni moja, Canter ya baba mdogo, inayapeleka kwenye karasha lake kusagwa. Kochi akaniambia twende kwa baba mdogo.

Tulifika saa nane mchana. Kochi alimwamkia shikamoo, akamweleza kuwa bodi ya nyuma ya gari inaachia, mawe yanamwagika penye kona, na vijana wameyapeleka kilimani bila kujua. Atume watu wakayachukue. Baba mdogo alimshukuru sana. Alituagizia soda. Mimi nilikuwepo, na soda hiyo niliinywa.

Jumatatu asubuhi kochi akakamatwa.

Ninachojua zaidi ni hiki. Wachimbaji wanaompa baba mdogo mawe wamekuwa wakija nyumbani kulalamika kwamba mzigo unapungua njiani. Kama ni bodi, kosa ni lake. Kama kuna mwizi, yeye hana kosa.

Leo tumekuja kituoni na Canter ileile ikiwa na mzigo. Njiani aliniambia niandike kuwa kochi ndiye aliyenituma. Akasema, "Yule si mtu wa huku. Atafungwa, atatoka, atarudi kwao, imekwisha. Wewe ni nyathiwa, mtoto wetu. Ukisema mengine utalala wapi?"

Sijui nitalala wapi. Tangu baba afariki mimi na mama tunaishi kwake, na shule ananisomesha yeye. Nalijua hilo, na bado naandika.

Kochi naye hajui habari ya macho yangu. Mwezi ujao kuna mbio Mbalibali, upande wa Serengeti, na zinaanza kabla ya jua. Akisikia hataniruhusu. Sawa. Anikataze akiwa nje.

Kama mnaona natunga, nipelekeni pale kona alfajiri, mniwekee jiwe jeusi miguuni. Mtaona ninavyopapasa. Sikutumwa na mtu. Naandika tena: sikutumwa.

Nasikia viatu vinakuja mlangoni. Ni gambuti za baba mdogo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya karatasi mpaka sasa. Nimeuondoa. Asome.

Haya nimeyaona na kuyatenda mimi mwenyewe, na hakuna neno nitakalolibadilisha.

Saini: H. Akech

MAELEZO YA AFISA: Mlezi aliingia, akasoma akiwa amesimama, akataka karatasi ichanwe kwa kuwa mtoto hajui anachokiandika. Shahidi aliomba kuisoma kwa sauti mbele yake, nami nikamruhusu. Ameisoma yote, bila kuruka habari ya macho. Alipomaliza, mtuhumiwa aligonga ukuta kutoka mahabusu.

Nimetoka kulikagua gari la mlezi lililoegeshwa uwanjani. Bodi ya nyuma imefungwa kwa kamba ya katani, nayo inaachia. Chini yake, kwenye vumbi la kituo, nimeokota mawe. Yote ni meupe. Yamehifadhiwa kama kielelezo. Mlezi anahojiwa yamefikaje hapo. Mama wa shahidi amepigiwa simu. Shahidi hatarudi na gari hilo.

WP Koplo Teresia