Mtani, Onyo Langu Walilicheka

Mwangaluka, mtani wangu Masunga.

Najua huko hakuna asubuhi wala jioni, lakini salamu sikunyimi. Lawama ndizo nyingi. Umekufa vizuri, kitandani kwako, mkeo akikushika mkono. Hata arobaini haijafika, mkaguzi akatua kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wewe mwenyekiti uko kaburini, mimi katibu nipo. Nikashitakiwa mimi, kwamba nilikusaidia kupokea akiba za watu wasio wanachama bila leseni.

Wakili akanishauri niseme sikujua. Ningesemaje, mtani? Msimu ule wa pamba, watu wa kijiji cha Nkoma, wasio wanachama, walipoanza kukuletea hela zao, nilisimama kikaoni mbele ya wote nikakwambia: "Masunga, bila leseni, tutakuzika na pingu." Basi wakili akashika njia ya pili: nilijua, ila nilijitahidi kukuzuia. Sheria inaikubali hiyo.

Shida ikawa utani wa koo zetu. Mashahidi wangu wote walikubali kwamba nilisema, kisha wakaapa kuwa ulikuwa utani, maana lini ukoo wangu umeongea na ukoo wako bila kutukanana? Mmoja alicheka kizimbani mpaka akapewa maji. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya faili. Mwendesha mashtaka akauliza ni onyo gani hilo linalopigiwa makofi. Jela nikaiona hiyo hapo. Nililia, mtani, na watu wakadhani bado nakutania.

Ndipo akasimama mkeo, Mama Kulwa. Yeye hakucheka. Alisema siku ile ulirudi kutoka kikaoni, ukausukuma ugali pembeni, ukamwambia: "Mtani wangu leo hakuwa anatania. Lakini nikirudisha hela za watu, wataniona nimeshindwa."

Nimeachiwa huru.

Nimetoka mahakamani pale Bariadi nina hasira na wewe kuliko siku niliyokamatwa. Kumbe ulisikia. Kikaoni ulicheka kuliko wote, ukaniacha nijione mpuuzi. Ungeniambia tu, jamani. Tungekwenda kuihangaikia hiyo leseni pamoja, ukinitukana njia nzima. Nimekukumbuka mno.

Pumzika, mtani. Wanao nitawatania hadharani kama desturi inavyotaka. Ila likija jambo zito, nakuahidi, nitawaita pembeni niwaambie taratibu, na sitaondoka mpaka wamenijibu.

Mimi mtani wako,
Jilala