Gari la Bwana Kioko Halitaki Frii

Umoja, Nairobi
Jumapili mchana

Shikamoo Baba,

Kabla sijakurukia na habari zangu, niambie kwanza: goti limekubali kupanda hadi shambani, au bado unamdanganya Mama kwamba unapumzika kwa hiari yako? Na kifua chake je, baridi ya Wundanyi imemwachia? Sisi huku wazima. Vumbi lipo, maji ya mfereji yanakuja yanapotaka. Lakini sikuandikii kwa ajili ya vumbi. Nimeshinda, Baba! Nimebaki na gari!

Ngoja nianzie mwanzo, maana najua unavyochukia hadithi inayoanzia mkiani.

Teksi ninayoendesha, kama ujuavyo, si yangu. Ni ya Bwana Kioko wa mtaa wa Fedha, dereva mstaafu wa malori kama wewe, Mkamba mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Ni gari la haibridi, lile lenye injini ya petroli na betri kubwa, zikisaidiana. Wiki juzi alinipigia simu akasema anachukua funguo zake na kuliuza.

"Hii gari inakunywa!" akanguruma. "Mimi naichukua wikendi tu, naenda nayo kanisani na kwa shemeji, na inakunywa kama lori. Niliambiwa haibridi inanusa tu petroli. Niliuziwa hewa!"

Unanijua, napenda mabishano kuliko chai. Lakini haya hayakuwa mabishano ya kwa kinyozi. Gari likiuzwa, mimi sina kazi, na kwa umri wangu nani ataniajiri katika mji huu?

Nilipandwa na hasira mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kwa wauzaji, wale wanaobandika kwenye kioo tarakimu za mafuta zilizopimwa ndani ya chumba, gari likizungusha magurudumu mahali pamoja. Humo hamna kilima, hamna joto la Januari, hamna mama mwenye marobota kiti cha nyuma. Hakuna gari lililowahi kuishi maisha yale katika Jogoo Road! Ya pili ni kwa wanaosikia uongo mmoja wa muuzaji, kisha wanautupa na ukweli wote uliokuwa pembeni yake. Huo nao ni uvivu wa akili, na mimi uvivu huo nitaupiga vita hadi kaburini.

"Basi tupime," nikamwambia Bwana Kioko. "Siku moja uendeshe wewe, siku ya pili mimi. Njia ile ile, saa ile ile, mzigo ule ule. Tunajaza tangi kabla na baada."

"Na ukishindwa?"

"Nakupa funguo bila neno."

"Bila neno? Wewe?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo peke yake nitalipia kuiona."

Shahidi wetu alikuwa Mama Hafsa, jirani yangu hapa Umoja, anayeuza vitambaa kwa jumla. Kila asubuhi namchukua na marobota yake. Alikubali kukaa nyuma siku zote mbili. "Nitasema haki," alituonya, "lakini mkipigana, nashuka na mali yangu."

Jumatano akashika usukani Bwana Kioko. Tulijaza tangi kwenye kituo cha petroli cha Outer Ring, tukaingia Jogoo Road, na msongamano ukatupokea kama kawaida yake. Gari liliposimama, nikaona mkono wake wa kushoto unakwenda kwenye gia, wenyewe tu, kama mkono wa mtu anayejikuna. Akaweka frii, injini isishike magurudumu. Tukasogea, akarudisha. Tukasimama, frii. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi vile vijistari vya betri vilikuwa vinapungua kimoja kimoja, halafu injini ikaamka ikilia. Tulifikisha vitambaa juu ya Valley Road, tukageuza. Kwenye mteremko, frii tena, na tabasamu juu yake.

"Sasa tunashuka bure," akasema. "Mteremko ni zawadi ya Mungu."

Baba! Maneno yako! Yale yale uliyonifundishia mteremko wa Mwatate! Hapo nikaelewa kila kitu. Haibridi ikiwa kwenye gia, magurudumu yanaposhuka yanazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Ukiweka frii, unapita shambani bila kuvuna. Na kwenye foleni ni vibaya zaidi: ukiwa frii, injini haiwezi kuijaza betri, kwa hiyo betri inakauka, kisha injini inafanya kazi ya wawili. Mzee alikuwa anabana mafuta kwa bidii yake yote, na bidii hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyamaliza.

Nilijikaza nisiseme. Mtihani ni mtihani.

Alhamisi nikaendesha mimi. Gia sikuigusa. Nilipoona magari mbele yanasimama, nilianza breki mapema, taratibu. Bwana Kioko kando yangu alikuwa anateseka.

"Weka frii! Unachoma mafuta!"

"Mzee, funga mkanda."

"Mama Hafsa, mwambie huyu!"

"Mimi na marobota hatuna kura," akajibu Mama Hafsa.

Kwenye mteremko wa Valley Road vijistari vilianza kupanda. Bwana Kioko aliinama, akavihesabu kwa kidole.

Tuliporudi kituoni, pampu ilikatika mapema mno kwa roho yake. "Ongeza, haijajaa!" akamwambia mhudumu. "Imejaa, mzee, itamwagika." Tangi lilikuwa limepokea karibu theluthi pungufu ya jana. Tarakimu za muuzaji hatukuzifikia, Baba, na sitamdanganya mtu kwamba tutazifikia. Lakini theluthi ni theluthi!

"Gari ni lile lile," nikamwambia. "Kilichobadilika ni mkono."

"Mkono huu umepeleka lori Kampala na kurudi!"

"Ndiyo sababu."

Alichomoa funguo kwenye gari, akaniwekea kiganjani. "Kaa nayo. Na wikendi utanipeleka kanisani wewe."

Sasa, Baba, najua umekunja uso. Utasema lori ni lori. Mimi nasema hata lori lisishushwe frii mlimani. Breki zikichemka, hiyo zawadi ya Mungu inakufikisha kwake. Ukiazimwa tena ile pikapu ya jirani, ishushe kwenye gia. Bishana nami upendavyo, lakini ishushe kwenye gia.

Msalimie Mama, umwambie shuka la baridi linakuja na basi la wiki hii. Msalimie mke wa kaka, na mjomba katekista anayeniombea nipunguze mdomo, na shangazi wa Mwatate aliyenifunza kusoma.

Jana nilipita mahali tunapooshea magari kule Fedha. Bwana Kioko alikuwa amezungukwa na madereva, ameinua kidole. "Haibridi haitaki frii!" anawahubiria. "Mimi mwenyewe nimeifanyia utafiti!" Akaniona. Nikafungua mdomo, na hoja zangu zote zilikuwa tayari. Kisha nikazishika funguo vizuri, nikafunga mdomo, nikaenda kazini.

Mwanao mbishi anayekupenda,
Wakesho