Gauni Lililotoka Kwenye Picha

Mama Salima, uliye Ruangwa,

Nimeiweka barua hii gazetini, mbele ya macho ya watu, kwa sababu ya bahasha huwa huijibu, na nikipanda gari kuja mwenyewe, wasichana wako wa dukani wanakunong'oneza kuwa baba Salima anakuja, nawe unakumbuka ghafla kwamba hujaswali. Basi isome hapa. Ukikasirika ukaruka mistari, majirani watakusomea iliyobaki.

Unanijua, mimi si mtu wa kulalamika. Nimefika Lindi, nimefika Mtwara na Dar es Salaam, nimevuka Ruvuma hadi Msumbiji na kurudi na viatu vyangu vyote viwili. Shule niliiacha njiani, hilo halina siri, lakini mkasi haukuniuliza cheti. Miaka ile ya tisini, ofisa akihamishiwa Nachingwea kutoka Bukoba au Moshi, anaoneshwa ofisi yake, anaoneshwa nyumba yake, kisha analetwa kwenye kibaraza changu. Suruali niliyoshona mimi ilikuwa inatembea yenyewe, mwenye nayo anaifuata tu.

Ndipo ukaja wewe kutoka Chinongwe na kitambaa cha maua madogo ya bluu, umekikumbatia kama mtoto wa kuazima. Hata salamu haijakauka ukaniambia umesikia kwamba mimi nachelewesha. Nikakuambia uje Alhamisi. Alhamisi nikakuambia Jumatatu. Jumatatu nikakuambia cherehani inaumwa. Gauni lilikuwa limeisha siku ileile uliyolileta, nimelikunja chini ya meza. Nilikuwa nataka tu uendelee kuja. Ulipolijua hilo, tumeshaoana, ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mkeka, ukasema kumbe uliolewa na mwongo mwenye mikono mizuri.

Unakumbuka msimu wa unyago tulivyokuwa hatulali kwa kazi? Mavuno yakishaingia ndani, mabinti wakishafundwa, inakuja siku ya kumtoa mwali, na hapo ndipo koo mbili zinapopimana nguvu bila ngumi. Upande wa mama una sare yake, upande wa baba una yake, na kila upande unaificha sare hiyo kama watu wanavyoficha kaburi la mganga, mpaka siku yenyewe watokeze uwanjani na kuwakata wenzao maini. Na wote wawili wanashonewa na fundi mmoja, mimi. Upande mmoja nilikuwa naushonea kibarazani, mwingine chumbani nyuma ya pazia, na wewe unaweka vifungo vya huku na huku. Shangazi alikuwa ananiletea kuku ili nimdokeze rangi ya wenzake. Kuku nilikula, rangi sikusema. Tulitunza siri za koo mbili ndani ya nyumba moja na hatukuwahi kuzichanganya.

Kisha akaja Hamidu.

Nasema akaja, lakini hakuja. Hamidu hakuwahi kukanyaga Nachingwea. Alikuwa sauti tu, sauti ya Kariakoo, ndani ya simu ya kile chumba cha kioo jirani na posta. Binamu yako alikuletea kitabu cha picha, wanawake weupe wembamba wamevaa magauni ya kila rangi, na kila picha ina namba. Unachagua picha, unampigia Hamidu, unamtumia hela, mzigo unashuka na basi. Magauni yanatoka China, sijui kiwanda gani, na bei yake, Mama Salima, ilikuwa ndogo kuliko uzi wangu na chai yangu ya asubuhi. Si kwamba ilikuwa ndogo kuliko kazi yangu. Ilikuwa ndogo kuliko uzi.

Watu watasema fundi analilia tonge lake. Ni kweli, tonge lilikuwepo. Lakini wacha niseme la moyoni, maana mwanaume mwenye wivu hasaidiwi na kufunika uso. Nilikuwa nasimama nje ya kile kioo nimembeba Salima, natazama mdomo wako unavyocheka na mtu nisiyemwona. Mimi nilikuwa nakuchekesha kwa jasho. Yeye anakuchekesha kwa waya. Hajui kama una kovu kwenye kiwiko, hajui kama ukila muhogo mbichi unashikwa na kwikwi, naye anakuita dada'angu. Ukitoka humo ndani uso unang'aa, unaniambia Kaka Hamidu amepunguza tena. Kaka. Mimi mumeo nilikuwa Baba Salima, Hamidu akawa kaka.

Wanawake waliokuwa wanapanga foleni kwangu wakahamia upande wako wa kibaraza. Tukawa maduka mawili yanayolala kitanda kimoja. Na kwa kuwa magauni ya Hamidu yalikatwa kwa ajili ya wale wa kwenye picha, si kwa mama anayelima ufuta na kubeba ndoo, yalikuwa yanabana kwapani. Basi unayauza wewe, nayatanua mimi.

La kwanza lilikuwa la Bi Mwanahawa wa Narung'ombe, la njano. Nililifumua kwa furaha mbaya, kama mtu anayefukua shimo akiomba akute nyoka ili aseme si niliwaambia. Nikaikuta shingo imekatwa vizuri kuliko ninavyokata mimi. Iliniuma kama nimekukuta naye sebuleni. Nikaendelea kufumua. Kwapani uzi wa njano ukageuka mweusi, ukashuka hivyo mpaka kiunoni, halafu ukarudi njano. Nikasimamisha kazi. Mtu mwenye mkono kama ule hachanganyi uzi kwa kutojua. Anachanganya pale ambapo wa njano umemwishia naye hana ruhusa ya kuinuka kwenda kuchukua mwingine.

Nikakuita nikakuonesha. Nikasema bei ya Hamidu ndiyo hii hapa, imelipwa na aliyekatazwa kuinuka. Ulilishika gauni lile muda mrefu, unausugua uzi mweusi kwa kidole gumba. Kisha ukasema, "Na mimi nikiacha kununua, Baba Salima, ndiyo ataruhusiwa kuinuka? Au atakosa na kiti?"

Nikakohoa. Nawe ulikuwa hujamaliza. "Bi Mwanahawa alikuletea kitambaa cha Idi, ukampa gauni Idi imeshapita. La Hamidu amelivaa siku hiyohiyo, na amebakiwa na hela ya chumvi. Sasa niambie, nani amemdhulumu?"

Nimetembea nchi nyingi, lakini swali lile sijalikuta popote, wala jibu lake. Nilipiga pasi.

Ndipo ikafika siku ya kumtoa Salima wetu. Sare ya upande wako uliiagiza kwa Hamidu. Mimi ndiye nilipaswa kuushonea upande wangu, lakini dada yangu Somoe alikuwa amechoshwa na Alhamisi zangu. Bila kuniambia mimi wala wewe, alisoma namba ya Hamidu kwenye karatasi ya mzigo wako, akakusanya mashangazi wote, akaenda posta. Mimi nikaambiwa mwaka huu watavaa kanga tu. Nikaamini, mimi niliyevuka Ruvuma.

Siku ile ngoma ilikuwa imechanganya. Kina mama wa kwenu wakatokeza kwa njia ya sokoni, kijani kibichi, mkanda mweupe, kola pana, wanapiga vigelegele. Wa kwetu wakatokeza kwa upande wa pili, kijani kibichi, mkanda mweupe, kola pana. Vigelegele vikafia hewani. Mpiga ngoma akabaki ameinua mikono. Watu wa mji huu wameona mengi, lakini hawakuwa wamewahi kuona koo mbili zinazotaka kukatana maini zimetoka tumbo moja.

Kaka yako, mjomba wa mwali, aliyesimamia pilau ya watu wenu, akamkabidhi Somoe sinia zima la nyama. Somoe akapokea, akala. Mpaka leo anasema alidhani wakwe wameamua kuwa wakarimu. Kanga za zawadi zikavikwa mabega yasiyostahili. Hayo yote tungeyacheka. Lakini Salima alikuwa juu ya mabega ya mjomba mwingine, kapambwa, anawatazama wanawake chini, anakutafuta wewe. Kila uso anaoushushia macho una gauni lilelile. Akaanza kulia, siku ambayo mwali halii.

Ulinijia umeshika mkanda wako mweupe mkononi. "Umeona wivu wako ulikotufikisha?" Ulidhani nimekuigizia makusudi. Nami nikadhani Hamidu ameuza siri yako ili akucheke. Kesho yake tukaenda posta wote wawili, tukaminyana ndani ya kile kioo, sikio lako huku na langu huku. Ukamuuliza kwa nini aliwauzia watu wa upande wa pili sare yako. Hamidu hakukasirika wala hakujitetea. Alisema, "Sasa mimi, dada'angu, nitajuaje nani ni upande wa nani? Mimi naona oda."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwanaume anayekupenda. Nikakuta mtu asiyekujua kabisa. Hakumjua Somoe, hakumjua yule wa uzi mweusi, na wa uzi mweusi hakuambiwa kama duniani kuna Nachingwea. Nadhani urahisi wa bei yake ulitoka hapo. Kujuana kuna gharama, Mama Salima: kunataka kuku, kunataka pazia, kunataka uongo wa Alhamisi. Ukiviondoa hivyo, gauni linakuwa bei ya karanga.

Ila maneno hayo sikuyasema siku ile. Siku ile nilisema mengine, ya mdomo mrefu, na wewe ukajibu kwa mrefu zaidi. Haikupita hata masika mbili ukahamia Ruangwa, ukafungua duka. Tuliachana kwa heshima, mashahidi walikunywa chai na maandazi wakasifu maandazi. Sasa nasikia duka limekuwa la milango miwili. Nimefurahi. Pia nimekonda.

Na sasa Salima anaolewa.

Mimi nilikuwa nimeweka satini nyeupe ndani ya sanduku, na nilimwambia kila anayepita kibarazani kwamba gauni la binti yangu litasimamisha mji. Halafu Salima akaja na mfuko wa plastiki. Akaniambia bila kunitazama kwamba mama ameshaagiza, kwamba siku hizi Hamidu hatumii vitabu, anaonesha picha kwenye kompyuta, moja kwa moja kutoka kiwandani, na kwamba ulisafiri mpaka Mtwara kwenda kuchagua kwenye duka la intaneti. Limefika, zuri, ila kiuno kinambana. Akaniomba nilitanue. Bei sikuuliza, nilishaijua tabia yake.

Nililiacha mezani mchana kutwa. Nilifikiria kulichana na kusema panya. Nilifikiria kulishona vibaya ili siku ya harusi lipasuke na ulimwengu mzima ujue. Hayo ni mawazo tu, usikimbilie kwa kadhi. Hatimaye nikaligeuza ndani nje, nikaanza kufumua.

Chini ya bitana, mahali ambapo hakuna mkwe, hakuna mpambaji, hakuna mpiga picha atakayefika, nilikuta kitambaa kilishawahi kuchanika wakati wa kushonwa. Sehemu ya kidole kimoja hivi. Na mtu alikuwa amekirudisha kwa sindano ya mkono, mshono mdogo, wa karibukaribu, kama mchwa wamepanga mstari. Kazi ya haraka hairudishi kisichoonekana. Kule hakuna anayelipwa kwa kile. Angefunika na bitana akaendelea, na gauni lingetoka, na lingepasuka Salima anapoinama kumpa mkono bibi yake, na hakuna ambaye angemjua wa kumlaumu. Lakini yeye aliiba dakika zake kwa bwana wake akamshonea mtoto wetu.

Hapo wivu ulinifika kooni, kuliko wa Hamidu, kuliko wa simu. Nimesema mara elfu kwamba hakuna fundi wa kunizidi kuanzia hapa mpaka pwani, na sijafuta, maana huyu si wa pwani. Ila mimi, kwa bei ile, nisingeurudisha ule mchano. Naapa nisingeurudisha.

Basi nimekata satini yangu, nimeitia kiunoni pande zote mbili, inamkaa Salima vizuri. Mchano ule sikuugusa. Mshono wake umebaki kama alivyouacha.

Sasa nina ombi, na ulisome polepole. Sikuombi uache kununua, maana uliniuliza swali la kiti na bado nakohoa. Nakuomba umpigie Hamidu. Ndiyo, mimi ndiye ninayesema. Muulize gauni hili limeshonwa na nani. Atakuambia yeye anaona oda. Usikate simu. Mwambie amuulize aliyemuuzia, na huyo amuulize wa kwake, mpaka wafike kwenye kiti chenyewe. Bembeleza. Cheka naye kama ni lazima kucheka, nitavumilia. Siku ya harusi sheikh atawaombea dua wazazi, na bibi, na waliopika, na waliotandika mikeka, kila mmoja kwa jina. Sitaki yule aliyemvalisha binti yetu apitwe kwa sababu eti tulimpata rahisi.

Na kama jina halitapatikana, mwambie Salima mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba hatumjui. Mimi nimejaribu kumwambia, nimeshindwa.

Mpigie, Mama Salima. Mara hii ni mimi niliyekutuma.

Baba Salima,
fundi wako wa kwanza, Nachingwea