Mkwe Yuko Njiani, Mfuko Umemwagwa

Jumanne, Homa Bay. Joto la kukera tangu asubuhi, ziwa halitoi hata upepo. Nimechoka, lakini kuna jambo nimeliamua.

Leo tumemfanyia upasuaji wa utumbo mama mmoja muuza samaki kutoka Sori. Kazi yangu ni nusukaputi. Dawa kali za maumivu ninazotumia, fentanili na mofini, hupunguza mkojo, na presha ikishuka figo nazo huzubaa. Mama alitoka thieta mkojo wake ukiwa haba. Nikaagiza asiongezwe mofini hadi mkojo uongezeke. Figo zikigoma, mabaki ya mofini hurundikana mwilini, na mgonjwa anaweza kulala hadi asahau kupumua.

Mchana nikapita wodini. Mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu.

Nikadhani figo zimegoma. Nikakagua mpira wa mkojo, nikapima presha, nikaongeza dripu. Binti yake, Akinyi, akasema polepole, "Daktari, ni mimi nilimwaga. Bwanangu amepiga simu ako njiani kutoka Awendo. Sasa mkwe ataonaje hiyo kitu?"

Nilikasirika sana. Kisha hasira ikaniisha, maana mimi pia ni Mjaluo, kwetu ni aibu kubwa mkwe kuona mambo ya siri ya mama mkwe, na mama yangu angeuchomoa mpira wenyewe kabla mkwe hajafika mlangoni.

Akinyi hakujua amemwaga kiasi gani. Ikabidi tuanze kupima upya, mama akiugulia maumivu. Nilimpa paracetamol ya mshipani. Diklofenaki niliikataa, hiyo nayo huzionea figo.

"Kwa hivyo mathe aumie juu ya mkojo?" Akinyi aliniuliza, machozi yakimtoka.

Swali hilo lilinichoma. Sikubadili nia. Nilivuta kiti nikakaa pale pale, nikiutazama mpira.

Tone moja. Kisha mengine, kisha yakafuatana vizuri.

Jioni nilimpa mofini, kidogo kidogo. Akalala, kifua kikipanda na kushuka bila shida. Akinyi aliufunika mfuko kwa leso yake, ukiwa na mkojo wote ndani. Mkwe akaingia, akasalimia akiangalia ukuta.

Hakuna aliyemweleza Akinyi kwamba mkojo ule ndio uliokuwa ukituambia habari za figo. Hilo halitatokea tena kwangu. Kesho kabla ya upasuaji, nikishamuuliza mgonjwa alikula lini mara ya mwisho, nitawageukia watu wake niwaulize: mkwe anafika saa ngapi?