Wageni wa Bweni la Wakata Miwa

Jumapili, 15 Desemba
Wiki ya sita tangu nitoke Chajul, kwetu milimani, kuja kukata miwa. Leo padri kawasha mshumaa wa tatu wa Majilio, ule wa rangi ya waridi, akasema tufurahi, Bwana yu karibu. Nilijaribu. Furaha haikuja. Kwetu mwezi huu ni baridi na harufu ya misonobari. Huku ni joto na masizi ya miwa inayochomwa kabla ya kukatwa – nakohoa meusi. Kwenye benchi langu hakukaa mtu. Nadhani tunanuka moshi.

Kesho sanamu za Maria na Yosefu zinaanza kupelekwa nyumba kwa nyumba kuomba malazi, jioni tisa hadi Noeli. Nikamfuata Mama Tránsito, mtunza sanamu: walale na bwenini kwetu. Akacheka. Bweni si nyumba, nani atakaa nao? Maana wakishalala kwako hawaachwi peke yao mpaka jioni wanapohamia kwingine. Nikasema mimi. Atafikiri.

Jumanne, 17 Desemba
Hakuna jibu. Kwa kushika panga mchana kutwa, mkono hauwezi kushika kijiko. Gaspar wa kitanda cha juu ananitania: "Kaka, Maria akikiona choo chetu atarudi Nazareti kwa miguu." Nilicheka. Lakini nimefagia.

Alhamisi, 19 Desemba
Mama Tránsito kakubali, wanakuja kesho! Gaspar yule yule kaenda kutafuta majani ya msonobari ya kutandaza sakafuni, kama kwetu siku za sikukuu. Karudi na majani ya miwa. Tumetandaza hayo hayo.

Ijumaa, 20 Desemba
Walifika jua likizama, wamebebwa na Mama Tránsito na watu wa kanisa, na mishumaa, na gamba la kobe la kupigia mdundo. Desturi ni kwamba wa nje huimba kuomba mlango, wa ndani huimba kukataa, ndipo hufungua. Wakaimba. Zamu yetu – kimya. Hakuna aliyejua maneno ya ndani. Maisha yote tumeimba tukiwa nje. Gaspar akaanza yale anayoyajua, sote tukafuata. Tukaomba malazi, tukiwa ndani!

Huko nje wakacheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe. Mama Tránsito akasema taratibu, mdomo karibu na ubao wa mlango:

"Fungueni tu, wanangu. Tumechoka wote."

Wageni sasa wako juu ya kreti la soda, kando ya kitanda changu. Siku zote nilidhani sisi ndio tunaomsubiri Yesu. Labda naye anatafuta mahali ambapo watu hawajui kumkatalia. Sijui, niliishia darasa la tatu. Ila jioni hii sikuwa mgeni.

Jumamosi, 21 Desemba
Asubuhi. Lori la kwenda shambani limepiga honi, wenzangu wamepanda. Nimebaki na Wageni. Mnyapara Efraín kaja mlangoni, kaziona sanamu, kavua kofia. Halafu akasema asiyepanda leo hana kazi. Nikamwambia nimeahidi.

"Sirudii, Jacinto."

Karudi kwenye lori. Injini inanguruma, haliondoki. Gaspar ananiita kwa mkono. Nimewasha mshumaa mwingine, naandika ili miguu itulie.

Wakinisubiri bure wakaondoka, jioni nawakabidhi Wageni kwa nyumba nyingine, na kesho kutwa niko nyumbani, mikono mitupu, kabla ya Noeli. Efraín akinisamehe, nyumbani ni Aprili, miwa ikiisha.