Kitunguu Saumu kwa Vifaranga

Jumatano, Agosti 1996

Siwezi kumkasirikia Bi Zuhura, ingawa ameniharibia kazi ya wiki tatu.

Vifaranga wangu wa nyama nimewagawa mafungu mawili huku juu ya paa. Wote wanakula chakula kimoja cha dukani, ila wa kushoto nawachanganyia kitunguu saumu kilichopondwa. Nataka kujua kama watakua upesi bila zile dawa za unga za kukuzia kuku. Kundi lililopita walikufa karibu nusu. Wakifa na hawa, sina moyo wa kuanza tena.

Leo nimeazima mizani ya muuza viungo wa Makadara. Mafungu yote mawili, uzito sawa! Nikapima tena. Sawa vile vile. Lakini wiki iliyopita wa kushoto walikuwa wakubwa waziwazi.

Nikainamia chombo cha wa kulia. Kikanuka kitunguu saumu.

"Shangazi, nani amewatilia hawa?"

Bi Zuhura ni shangazi yake mume wangu, na tangu mwanzo alikuwa akinicheka. Akatazama chini.

"Ni mimi, mwanangu. Tangu wiki jana. Niliona wenzao wanawapita, nikaingiwa na imani, nikawahurumia. Kwani hawa si viumbe?"

Jaribio limeharibika, lakini hakuna hata mmoja aliyekufa, alhamdulillahi. Tena wale waliokuwa nyuma, wamewafikiaje wenzao kwa wiki moja tu?

Nikamuuliza alikuwa akitia kiasi gani.

"Vijiko viwili."

Mimi nilikuwa nikitia kimoja.